Kinga ya zamani: tusome chuma kabla ya kuuza ao kupaka rangi



Katika nyumba nyingi zetu kuna kinga ya zamani, velo ya siku nyingi, iliyotundikwa ukutani ao kutupwa nyuma ya jiko. Haina magurudumu, haina mnyororo, imebaki kadre tu. Mara nyingi ni ya baba aliyefariki ao ya mjomba aliyehama. Siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mzani wake, anainua ile kadre kwa mkono mmoja na kusema: "Mama, hii ni nyepesi, nitakupa kidogo." Mama anapokea kile kidogo, kwa sababu hajui ana kitu gani mkononi.

Juma hili tunataka kuzungumza juu ya neno hilo moja: nyepesi. Kwa muuza vyuma, wepesi ni hasara, kwa sababu yeye anahesabu kilo. Kwa kadre ya kinga, wepesi unaweza kuwa alama ya kwanza ya kazi ya ufundi mkubwa. Lakini wepesi huohuo ni onyo pia: kadre ya namna hiyo haikutengenezwa kubeba mfuko wa makala. Basi anayeijua kadre yake anapata faida mara mbili. Hadanganywi kwenye bei, na hampandishi mtoto wake juu ya chuma kisichofaa kazi anayopewa.

KWA NINI MOJA NI NZITO NA NYINGINE NYEPESI

Kinga za kazi tunazoziona kila siku, zile zinazosukumwa na mizigo ya makala, ndizi na mihogo, zina kadre ya tiyo za chuma cha kawaida chenye ukuta mnene. Ni nzito, lakini zinavumilia.

Kinga ya mbio ina historia nyingine. Mnamo 1897, katika mji wa Birmingham, Uingereza, jamaa ya Reynolds, waliokuwa watengenezaji wa misumari, waliandikisha ufundi mpya. Ni tiyo ambayo ukuta wake ni mnene kwenye ncha mbili na mwembamba katikati. Ukiitazama kwa nje, inaonekana sawasawa toka mwanzo hata mwisho; tofauti iko ndani. Ncha ndizo zinazounganishwa kwa moto na kupokea nguvu nyingi, kwa hiyo zinaachiwa unene. Mnamo 1935 kiwanda hicho kilitoa tiyo za chuma kilichochanganywa na manganisi na molibdeni, zikaitwa 531. Katikati ya tiyo, ukuta unaweza kuwa mm 0.6 ao 0.7 tu. Tazama ukucha wako: si mbali na hapo. Italia nayo ilikuwa na tiyo za Columbus, za mji wa Milano, zilizotumiwa katika kadre nyingi za mbio.

Tusidhani kwamba ni habari ya wanaume. Mwaka 1967, Mwingereza Beryl Burton, mama wa mtoto mmoja, aliyekuwa akifanya kazi ya shamba, alishindana katika mbio za saa 12 akiwa juu ya kinga ya chuma. Alimaliza km 446. Siku hiyohiyo mwanamume wa kwanza aliweka rekodi mpya ya wanaume, lakini mama huyu alikuwa amempita kwa zaidi ya kilometa moja.

TUSOME KABLA YA KUSUGUA

Kosa linaloharibu kadre nyingi ni haraka. Watu wanaanza na msasa na rangi, na ndani ya saa moja wamefuta ushahidi wote. Sisi tunashauri daftari na kalamu kwanza. Kama kuna simu yenye kupiga picha, piga picha za kila upande. Halafu fuata hatua hizi.

Kwanza, safisha kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo tu. Tafuta mabaki ya karatasi za alama, hasa kwenye tiyo inayosimama chini ya kiti na kwenye uma wa mbele. Hata nusu ya namba ina maana.

Pili, pindua kadre, tazama chini ya tumbo. Tumbo ni ile tiyo fupi inayolala kwa upande, ambamo ekseli ya pedali inazunguka. Mara nyingi kuna namba iliyogongwa pale. Iandike kama ilivyo, hata kama hujui maana yake leo.

Tatu, tazama viungo. Katika kadre nyingi za zamani, tiyo zinaingia ndani ya vifuko vya chuma, kama mkono unavyoingia katika mkono wa shati. Kama vifuko hivyo vimekatwa kwa mapambo, vyenye ncha na vipinda vilivyosuguliwa vizuri, fundi alitumia saa zake nyingi pale.

Nne, tazama vidole vya nyuma, pale gurudumu linaposhikwa. Mara nyingi kuna jina. Lakini angalisho! Jina Campagnolo kwenye vidole halimaanishi kwamba kadre ni ya Campagnolo. Kampuni hiyo ya Italia iliuza vidole kwa watengenezaji wengi. Vilevile alama ya 531 inataja chanzo cha tiyo, haimtaji aliyeziunganisha. Na karatasi ya alama mtu anaweza kuinunua na kuibandika juu ya chuma chochote. Karatasi ni shahidi mmoja. Sisi tunataka mashahidi watatu ao wanne wanaokubaliana.

Tano, pima. Hapa ndipo hesabu za masomo ya msingi zinatuletea faida. Omba fundi akuazime kile kipimo cha kuteleza chenye meno mawili, kinachoonyesha hata sehemu za milimeta. Tiyo inayosimama chini ya kiti, katika kadre ya Kiingereza, ina upana wa nje wa mm 28.6. Katika kadre ya Kifaransa ya zamani ni mm 28 kamili. Nguzo ya kiti ya kadre nzuri ya Kiingereza ya 531 kwa kawaida ni mm 27.2, katika kadre nyingi za Kifaransa ni mm 26.4. Tumbo la Kiingereza na la Kifaransa lina urefu wa mm 68, la Kiitaliano mm 70.

Sita, pima nafasi kati ya vidole viwili vya nyuma. Mm 120 ni ya wakati wa meno matano kwenye gurudumu la nyuma. Mm 126 ni ya meno sita ao saba, iliyokuja baadaye. Mm 130 ni ya karibu zaidi na wakati wetu. Kumbuka tu kwamba fundi anaweza kuwa amepanua vidole kwa nguvu.

Kama kinga bado ina magurudumu, tazama pia kikombe cha katikati ya gurudumu la nyuma. Vile vya Sturmey-Archer, vya mji wa Nottingham, vyenye gia tatu ndani, vingi vimegongwa mwaka na mwezi wa kutengenezwa. Lakini gurudumu linahama kutoka kinga moja kwenda nyingine. Tarehe ya gurudumu inasaidia, haiamui.

KADRE YA MAMA MMOJA WA KIKUNDI CHETU

Mama mmoja wetu, mjane, alileta kadre kwenye kikao cha siku ya posho. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi kwa burashi. Bwana yake aliinunua zamani kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akirudi Ulaya. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekwisha kutaja bei ya kilo. Kijana wake mkubwa naye alikuwa na shauri lake: kumpa fundi wa kuchomelea aweke kibebeo cha nyuma, apate kusafirisha makala na kusaidia nyumba. Mama alikuwa kati ya shauri hizo mbili, na minervali ya watoto wawili ilikuwa ikingoja.

Tuliiweka kwenye mzani wa soko. Kadre pamoja na uma wa mbele ilikuwa karibu kilo 3. Tuliposugua kidogo sana chini ya weusi, kukaonekana weupe. Kwenye tiyo ya kiti kulikuwa na mabaki ya karatasi, na tarakimu 5 na 1 zilisomeka. Kipimo kikatupa mm 28 kamili. Nguzo ya kiti, mm 26.4. Vidole vya nyuma vilikuwa na jina Simplex, kampuni ya mji wa Dijon, Ufaransa, na nafasi kati yao ilikuwa mm 120. Vifuko vya viungo vilikuwa na mapambo marefu, yale ya namna ya Nervex, ya Ufaransa pia.

Mashahidi wote walielekeza upande mmoja. Tuliandika katika daftari: "Kadre ya mbio ya Kifaransa, tiyo 531, inaelekea sana kuwa Peugeot ya aina ya PX-10, ya miaka ya 1960 ao mwanzo wa 1970." Hatukuandika "hakika", kwa sababu karatasi ya jina haikuwapo. Hiyo PX-10 ilikuwa kinga ya mbio ya juu ya Peugeot. Wazee wetu wanaokumbuka Mbelgiji Eddy Merckx wajue kwamba katika 1966 na 1967 alishindania timu ya Peugeot, na miaka hiyo yote miwili alishinda mbio za Milano–Sanremo.

Kijana hakufurahi. Aliuliza: "Kama ni nzuri hivyo, kwa nini isibebe?" Ni swali la akili, na tulimjibu kwa kumwomba abonyeze mkebe mtupu wa tomati. Mkebe unastahimili ukisukumwa kwa juu, ukiwa umesimama wima. Ukiubana ubavuni unaingia ndani. Tiyo nyembamba ni hivyohivyo. Inampokea mpanda kinga mmoja, kwa nguvu zinazopita kwenye viungo. Gunia linaloyumba nyuma kwenye mashimo linaipinda kwa upande, siku kwa siku, mpaka ipasuke. Na haitapasuka ikiwa imesimama nyumbani. Itapasuka kwenye mteremko.

Mnunuzi aliporudi, mama alimwonyesha ukurasa wa daftari. Bei ilibadilika mara hiyohiyo, naye hakumpa. Alimpata kijana mmoja wa mji anayefanya mazoezi ya mbio, akamwuzia. Kwa feza hizo alinunua kinga nzito ya kazi iliyotumiwa, nzima kabisa, na sehemu ikaingia katika minervali. Mwana sasa anabeba makala yake juu ya chuma kinachofaa makala.

JE, KADRE NI NZIMA?

Kadre yenye jina kubwa lakini iliyovunjika ndani ni hatari kuliko isiyo na jina. Kabla ya kuweka feza yoyote, fanya majaribio matatu. Hayalipishwi.

Jaribio la kidole: funga macho, pitisha kidole chini ya tiyo mbili za mbele, karibu na shingo, pale uma unapoingia. Kama unasikia vimawimbi ao rangi imekunjamana, kinga hiyo iligonga kitu kwa nguvu. Tafuta pia mstari mwembamba wa kutu unaozunguka tiyo karibu na kiungo. Mara nyingi huo ni ufa.

Jaribio la kamba: funga kamba kwenye kidole cha nyuma cha kushoto, ipitishe mbele ya shingo, uirudishe mpaka kidole cha kulia, ivute iwe imara. Sasa pima nafasi kati ya kamba na tiyo ya kiti, kushoto na kulia. Vipimo viwili vikilingana, kadre imenyooka. Vikitofautiana kwa milimeta nyingi, imepinda. Watoto wa darasa la tano wanaweza kufanya jaribio hili, na ni somo zuri la kupima.

Jaribio la kucha na sumaku: sumaku inashika chuma, haishiki alumini. Ikishika vizuri mahali pote lakini ikalegea sehemu moja, pale pengine pamezibwa na kitu kisicho chuma. Na kutu ya juu isikutishe, inasuguliwa. Kutu mbaya ni ya ndani. Pindua kadre; kama vipande vya kutu vinamwagika kutoka tumboni, chunguza chini ya tumbo kwa msumari. Msumari ukizama, usiendelee.

KUISAFISHA BILA KULETA UGONJWA NYUMBANI

Wamama, hapa tusikilizane vizuri. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani, yale madini yanayoitwa plomb kwa Kifaransa. Vumbi lake linaharibu akili ya mtoto mdogo na kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo:

Usisugue rangi ya zamani ikiwa kavu. Tumia msasa wenye maji, nje ya nyumba, mbali na jiko na kisima. Funika pua na kinywa. Mwenye mimba na watoto wasikae karibu. Kusanya matope ya rangi katika mfuko, usiyamwage shambani. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake. Na usichome rangi kwa moto.

Kwa kutu yenyewe, siki ao maji ya ndimu yanatosha mara nyingi. Lowesha kitambaa, funga mahali penye kutu kwa saa chache, sugua, kisha osha kwa maji ya sabuni. Kausha mara moja na upake mafuta, kwa sababu chuma kilichosafishwa kinashika kutu tena upesi. Sehemu zenye kung'aa kama kioo zinasuguliwa kwa karatasi ya alumini ya kufungia chakula, iliyoloweshwa maji. Mwishowe mimina mafuta kidogo ya motoka ndani ya tiyo, geuza kadre pande zote, acha yanayobaki yatoke.

Kama rangi ya kiwanda na karatasi za alama bado zipo kwa sehemu kubwa, usipake mpya. Wanaotafuta kadre hizi wanapenda rangi ya kwanza yenye mikwaruzo kuliko rangi mpya isiyo na historia. Safisha, paka nta kidogo, basi.

MAMBO MAWILI YA KUMKATAZA FUNDI

La kwanza ni kuchomelea kwa umeme. Tiyo za 531 zilitengenezwa ili ziunganishwe kwa shaba ya njano iliyoyeyushwa ndani ya vifuko, kwa moto usiofikia kuyeyusha chuma chenyewe. Moto mkali wa umeme unafanya chuma hicho kuwa kigumu na chenye kuvunjika pembeni ya kiungo. Kwa macho kinaonekana imara. Kibebeo kikihitajika, kifungwe kwa bulo na vibano, na kiwe cha mzigo mdogo.

La pili ni kulazimisha vikombe vya tumboni. Kikombe cha upande wa mnyororo, katika kadre ya Kiingereza, kinafunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Katika kadre ya Kifaransa na ya Kiitaliano kinafunguliwa kinyume cha saa. Upana wa kikombe cha Kiingereza na cha Kifaransa unakaribiana sana, mm 34.8 na mm 35, na fundi anaweza kudanganyika. Akiweka kikombe cha Kiingereza katika tumbo la Kifaransa kwa nguvu, anakula michirizi yote, na kadre iliyokaa miaka 50 inaharibika kwa dakika tano. Kwa hiyo mwonyeshe vipimo vyako kwanza. Kama nguzo ya kiti imekwama, mwaga mafuta ya kulainisha, ngoja siku mbili, rudia. Nyundo ije mwisho, ao isije kabisa.

KADRE GANI, KAZI GANI

Kwa kifupi: kadre nzito yenye tiyo nene, hata bila jina, ni ya mzigo, mpe kutu dawa, mpe rangi, itakula chumvi nyingi. Kadre nyepesi yenye alama za ufundi ni ya mtu mmoja: mwalimu anayekwenda shuleni, binti anayekwenda masomo, kijana wa mbio. Kama nyumba yako inahitaji mzigo na wewe unayo nyepesi, iuze kwa jina lake, si kwa kilo zake. Kama imepasuka, basi hapo mpe mwenye mzani, bila huzuni, na usimwuzie mtu mwingine aipande.

Kabla ya kikao kijacho, kila mama mwenye kadre ya zamani aandike ukurasa mmoja: uzito, upana wa tiyo ya kiti, urefu wa tumbo, nafasi ya vidole vya nyuma, namba ya chini, na maneno yoyote yanayosomeka. Aje na ukurasa huo na kamba ya mita nne. Kipimo cha kuteleza tutaazima. Na mnunuzi akipita kabla ya siku hiyo, jibu ni rahisi: "Ngoja kwanza, hatujaisoma."